Uchawi Unapokwenda Mrama

Hadithi za kichawi za kuchekesha ni tawi la fasihi ya watoto lililostawi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, likaenea Marekani na baadaye likafika Afrika. Mhusika wake huwa mtoto wa kawaida, mara nyingi mpweke: mgeni shuleni, anayeshika mkia darasani, au anayetengwa kwa sababu ya sura yake. Uchawi humwangukia bila yeye kuutafuta, na ujuzi nao hana, kwa hiyo humharibikia karibu kila mara. Msomaji hucheka hapo, na hapo hapo mtoto huyo huanza kupata marafiki na kujiamini, maana fedheha ya watu wawili ni nyepesi kuliko ya mtu mmoja.

Aliyeweka msingi ni Edith Nesbit, mwandishi wa London, kwa kitabu chake *Five Children and It* kilichotoka mwaka 1902. Watoto watano wa familia moja, wakiwa mapumzikoni shamba, wanachimba changarawe na kumfukua kiumbe mwenye manyoya, masikio ya popo na macho yaliyo nchani mwa pembe mfano wa konokono. Kiumbe huyo ana hasira za karibu na hapendi kabisa maji. Anawapa ombi moja kwa siku, na kila ombi hufutika jua linapotua. Watoto wanaomba wawe warembo, mdogo wao anashindwa kuwatambua na mlango wa nyumbani kwao unafungwa mbele yao. Wanaomba utajiri, wanapewa sarafu za dhahabu za zamani ambazo hakuna mwenye duka anayekubali kuzipokea. Wanaomba mabawa, wanaruka hadi juu ya mnara wa kanisa, wanasinzia, na wanapoamka jua limeshatua. Kabla ya Nesbit, ngano nyingi zilimpa shujaa nguvu za ajabu ili amalize matatizo yake. Yeye aligundua kwamba inachekesha zaidi nguvu hizo zinapozaa matatizo mapya, na hasa yakiwa ya kila siku: njaa, usafiri, na namna ya kumweleza mtu mzima jambo asiloweza kuliamini.

Mmarekani Edward Eager, aliyekuwa mtunzi wa tamthilia na nyimbo za jukwaani, alikutana na vitabu vya Nesbit alipokuwa akimtafutia mwanawe vya kusoma, na hakuficha kwamba amemfuata. Katika *Half Magic* (1954), ndugu wanne waliofiwa na baba wanaokota sarafu inayotimiza nusu tu ya kila ombi. Paka wao anaanza kuzungumza, lakini nusu nusu, na nusu hiyo ni matusi na lawama zisizoeleweka. Mmoja anatamani wawe kwenye kisiwa cha jangwani, wanajikuta jangwani bila kisiwa. Hata mama yao, asiyejua kitu, anaichukua sarafu hiyo akidhani ni ya kawaida, anachoshwa na mazungumzo huko alikokwenda kutembelea jamaa, anatamani awe nyumbani, na ghafla yuko nusu ya njia, usiku, katikati ya barabara. Mtu anayempa lifti usiku huo ndiye anayekuja kuwa baba wa kambo wa wale wanne. Uchawi kamili ungemfikisha mama mlangoni kwake na asingekutana naye.

Kitabu kinachobeba sifa zote za tawi hili kwa wakati mmoja ni *The Worst Witch* cha Jill Murphy. Murphy alizaliwa London mwaka 1949 na kusoma shule ya masista. Wazo la shule ya wachawi lilimjia kutokana na sare zake mwenyewe za rangi nzito: mama yake aliwaona yeye na wenzake wakirudi nyumbani akasema wanafanana na wachawi. Alikiandika angali kijana sana, akakichorea picha yeye mwenyewe, kisha akakataliwa na wachapishaji kadhaa. Mwaka 1974 kampuni ndogo ya London, Allison & Busby, ilikichapa, na nakala za kwanza ziliisha upesi. Hiyo ilikuwa miaka 23 kabla ya kitabu cha kwanza cha Harry Potter. Mfululizo huo ulifikia vitabu vinane, cha mwisho kikitoka 2018, na Murphy alifariki dunia mwaka 2021.

Mildred Hubble, mhusika wake, anasoma bweni katika shule ya wachawi iliyo juu ya mlima, katikati ya msitu wa misonobari. Nywele zake hazikai, kamba za viatu hazifungiki, na ufagio wake umevunjika, ukaungwa kwa gundi na utepe wa kunata. Siku ya kugawa paka, paka weusi wanaisha kabla ya zamu yake, anakabidhiwa wa milia anayeogopa kupanda ufagio. Kwenye mtihani wa dawa, yeye na rafiki yake Maud wanatakiwa kuchanganya dawa ya kicheko. Wanakosea, wanatengeneza dawa ya kutoonekana, na baada ya kuionja wanatoweka mbele ya Miss Hardbroom, mwalimu mkali ambaye hutokea chumbani bila kupitia mlangoni. Inafaa kuutazama mkasa huu kwa karibu. Mildred ameshindwa, lakini hakushindwa peke yake: Maud alikuwa mbele ya sufuria ile ile, alikosea naye na kukaripiwa naye. Murphy hahubiri urafiki popote. Anauonyesha kwa kuwaweka wasichana wawili ndani ya kosa moja.

Baadaye, Ethel, msichana anayeongoza darasani na kuringa, anarogwa na Mildred kwa hasira na kugeuka nguruwe. Analipiza kisasi kwa kumwazima Mildred ufagio alioutia hila, na maonyesho ya shule yanavurugika mbele ya wageni. Mildred anatoroka. Huko msituni anakuta genge la wachawi wabaya likipanga kuiteka shule, likiongozwa na pacha wa mwalimu mkuu mwenyewe, analigeuza kundi zima kuwa konokono na kurudi nalo ndani ya boksi. Hapo ndipo penye utamu wa kitabu: mtoto aliyeshindwa kubeba paka mmoja kwenye ufagio ndiye anayeibeba njama nzima mkononi. Na hageuki mwanafunzi bora baada ya hapo. Katika vitabu vilivyofuata anaendelea kuanguka na kuvunja vitu, ila sasa anaanguka akiwa na watu wa kumwinua.

Mfano mwingine unauvuta uchawi hadi ukingoni kabisa, kiasi kwamba msomaji hajui kama upo. Ni *Jennifer, Hecate, Macbeth, William McKinley, and Me, Elizabeth* cha E. L. Konigsburg, mwandishi wa Marekani aliyesomea kemia kabla ya kuandika. Kilitoka 1967, na mwaka 1968 Konigsburg alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya: alitwaa nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, kwa kitabu chake kingine huku hiki kikipewa heshima ya daraja la pili katika tuzo hiyo hiyo, mwaka huo huo. Elizabeth ni mtoto wa pekee aliyehamia mtaa mpya na hana hata mtu wa kutembea naye kwenda shule. Anakutana na Jennifer, naye ni mpweke, anayejitangaza kuwa mchawi na kumpokea Elizabeth kama mwanagenzi wake.

Uanagenzi wenyewe ni kichekesho cha uso mkavu. Wiki ya kwanza Elizabeth anatakiwa kula yai bichi kila siku, na kumletea mkuu wake moja lililochemshwa. Kuna miiko: asiguse pini, asipande kitandani kabla ya kukizunguka mara tatu. Siku za Jumamosi wanakutana maktaba kusoma vitabu vya wachawi, na wanamfuga chura wakimwita Hilary Ezra, atakayetiwa katika marhamu ya kuwawezesha kuruka. Saa ya kumtumbukiza chura chunguni inapofika, Elizabeth anapiga ukelele wa kukataa. Anafukuzwa uanagenzi papo hapo. Huo ndio wakati anaojiamini kwa mara ya kwanza: amemkatalia rafiki wa pekee aliye naye, kwa ajili ya chura. Wasichana hao wanapopatana baadaye hawazungumzii uchawi tena, wanacheka tu. Katikati ya kitabu msomaji anajulishwa, kwa sentensi ya kupita, kwamba mama yake Jennifer ndiye mama pekee mweusi kwenye hafla ya shule. Konigsburg hakuongeza neno. Upweke wa Jennifer umeelezeka, na sababu ya mtoto kama yeye kujivika cheo cha uchawi pia.

Roald Dahl alifika jirani na hapo kwa njia tofauti katika *Matilda* (1988). Matilda ana uwezo wa kusogeza vitu kwa macho, lakini anapohamishiwa darasa linalomfaa uwezo huo unatoweka, na mwishoni anapata mlezi anayempenda. Ni kitabu kinachochekesha sana, ingawa nguvu zake hufanya kazi barabara mno na kumtia adabu mwalimu mkuu kwa wepesi ambao Nesbit asingeuruhusu.

Afrika iliingia kwa kishindo mwaka 2011, Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alipotoa *Akata Witch*. Sunny Nwazue ana miaka 12, amezaliwa New York, anaishi Aba, kusini-mashariki mwa Nigeria, na ana ualbino. Shuleni anasimangwa, juani hawezi kucheza mpira ingawa anaupenda kuliko chochote. Marafiki zake Orlu na Chichi wanamfungulia ulimwengu wa Watu wa Chui, wenye uchawi, ambako kila mtu hutumia kama nguvu jambo lile lile linalomtofautisha na wengine. Kijana wa nne, Sasha, anatoka Marekani, ametumwa Nigeria kwa sababu ya utundu wake wa kichawi. Fedha ya ulimwengu huo ni kitu cha kufurahisha sana: vipande vya madini vilivyopinda huanguka kutoka hewani kila mtu anapojifunza jambo, na vya shaba nyekundu vina thamani kuliko vya dhahabu. Mtoto anayeelewa somo gumu anaweza kugongwa kichwani na mshahara wake.

Kwa msomaji wa Tanzania kitabu hiki kina uzito usiokuwapo kwingine. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, kwa imani za kishirikina, na mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwaka huo huo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, Juni 13. Riwaya inayomfanya msichana mwenye ualbino awe na nguvu, na si dawa ya nguvu za watu wengine, inageuza imani hiyo juu chini bila kutoa hotuba.

Ngano za pwani ya Afrika Mashariki zilikwisha kuwa na maajabu yake. Katika hadithi ya Sultani Darai, aliyoikusanya Edward Steere Zanzibar na kuichapa London mwaka 1870, maskini anayechakura jaani ananunua paa kwa thumuni yake ya pekee, na paa huyo anamfanya mtu mkubwa. Utajiri unamlevya, anamtelekeza paa mpaka anakufa, na mwisho anarudi jaani. Katika *Adili na Nduguze* (1952) cha Shaaban Robert, ndugu wenye husuda wanageuzwa manyani. Ajabu katika masimulizi haya huja kulipa au kuadhibu, nayo haikosei hesabu. Mwana anafunzwa shukrani na uadilifu, na hiyo ni kazi kubwa, lakini mtoto mwenye aibu aliyekaa nyuma ya darasa haoni mle mtu anayekosea kama yeye na bado akapendwa.

Mzazi anayehofia neno uchawi kwenye jalada ana haki ya kuhofia, kwa yaliyotokea Tanzania. Basi aanze na Elizabeth na Jennifer: kitabu chao hakina jini, hakina mzimu, na kibaya zaidi kinachotokea ni yai bichi. Ndicho pia kinachostahili kutafsiriwa kwanza kwa Kiswahili kati ya hivi vyote. Mtoto wa Temeke au wa Kisumu aliyehamia shule mpya katikati ya muhula atamwelewa Elizabeth bila kuelezwa na mtu.