Wakulima, Lindeni Vidole Vyenu

Jembe likivunjika mtanunua jingine, lakini kidole hakiuzwi dukani. Ninyi mlio katika mashamba ya makazi, kama kule Nyandarua, hubeba mizigo mizito kila siku. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mkebe wa lita 50 ukijaa maziwa hupita kilo 50, mbali na uzito wa mkebe wenyewe.

Watu huogopa wakati wa kuinua. Lakini vidole husagwa hata wakati wa kutua, kwa maana mzigo umefika chini na mkono bado haujatoka. Basi fanyeni hivi:

1. Tangulizeni vipande viwili vya mbao mahali pa kutua, ili vidole vipate nafasi ya kutoka.

2. Wawili wakibeba, mmoja tu atoe amri. Mtu asiachilie kabla ya kuambiwa.

3. Msizungushe kamba mkononi. Lori likisogea, kamba hukaza na kukata kidole. Pete nayo ivuliwe.

4. Mfuko wa viazi usizidi kilo 50, kama kanuni za mwaka 2019 zinavyoagiza.

Mtu akiumia, osheni jeraha kwa maji safi, kisha likandamizeni kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Msitie udongo wala tumbaku. Mpelekeni hospitali siku ile ile, aulizie sindano ya kuzuia pepopunda.

Kumbukeni, ng'ombe atataka kukamuliwa kesho alfajiri, na mkono uliofungwa bendeji haukamui.