Kubadili Bampa la Motokaa Huchukua Muda Gani?

Wekeni daftari na kalamu tayari, kwani leo tutaandika na kufanya hesabu kidogo. Somo letu ni juu ya bampa la motokaa, na muda unaotakiwa ili kulibadili.

Huenda mmoja wenu atasema, "Mimi sina motokaa. Bampa lanihusu nini?" Lakini labda ndugu yako ni dereva wa teksi. Gari likilala gereji, na jiko la nyumbani hulala. Kwa hiyo kumwuliza fundi, "Kazi itakwisha lini?" ni kuuliza habari za riziki.

Kwanza, bampa ni nini? Ni kipande cha mbele au cha nyuma kinachopokea pigo kabla halijafika kwenye bodi. Zamani bampa lilikuwa la chuma, nalo lilifungwa kwa bolti chache. Fundi mwenye spana alilibadili kwa muda mfupi. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa motokaa iitwayo Renault 5, yenye mabampa ya plastiki. Siku hizi motokaa ndogo karibu zote zina bampa la namna hiyo, hata zile zinazoletwa kwetu kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika.

Plastiki tunayoiona ni ganda tu. Nyuma yake aghalabu mna sponji ngumu, na nyuma ya sponji mna mhimili wa chuma au alumini. Ganda ni sura ya gari. Mhimili ndio unaobeba pigo.

Sasa igawanyeni kazi katika mafungu manne. Andikeni.

Fungu la kwanza ni kulipata bampa. Likiwapo madukani, kama Kariakoo mjini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, hupatikana siku ile ile. Likiagizwa ng'ambo, huweza kuchukua majuma.

Fungu la pili ni kulifungua bampa la zamani na kutazama ndani. Kazi hii ni ya saa moja hivi. Hapa ndipo yaliyofichika huonekana: mhimili umepinda, au kishikio cha taa kimevunjika, au rejeta inavuja. Kila kasoro huongeza muda.

Fungu la tatu ni rangi. Bampa jipya mara nyingi huja bila rangi ya gari lako. Fundi hulisafisha, hulipiga msasa, hupaka dawa ya kushikiza rangi kwenye plastiki, kisha hupuliza rangi, na mwisho vanishi. Kila mpako hungojewa ukauke kidogo kabla ya mwingine. Penye chumba cha joto la nyuzi 60, rangi hukauka kwa nusu saa hivi. Pasipo na chumba hicho, ngojeni mpaka kesho yake. Rangi iliyoharakishwa hubambuka.

Fungu la nne ni kufunga. Ni kazi ya saa moja au mbili, pamoja na kuunganisha nyaya za taa. Magari mapya mengine yana vifaa vya kupima umbali ndani ya bampa, navyo lazima virekebishwe.

Mmeona? Kufungua na kufunga ni saa mbili au tatu tu. Siku zinazobaki huliwa na kutafuta, kunyoosha na rangi.

Tufanye hesabu. Tuseme dereva hupata shilingi 25,000 kwa siku. Bampa jipya lisilo na rangi ni shilingi 120,000, na rangi yake huchukua siku 2. Bampa lililotumika, lenye rangi ile ile ya gari, ni shilingi 150,000, nalo hufungwa leo. Lipi ni rahisi? Siku 2 ni shilingi 50,000. Jumlisha na 120,000, utapata 170,000, na fundi wa rangi hujamlipa!

Lakini angalieni jambo moja. Msikubali mhimili uliopinda ufunikwe kwa ganda jipya ili gari litoke upesi. Gari litapendeza, lakini pigo la pili litaingia ndani zaidi, na huenda likawafikia watu.

Basi, kabla ya kuliacha gari gereji, mwulizeni fundi muda wa kila fungu, nanyi mwandike majibu yake pamoja na bei. Akisha kufungua, ombeni mwuone mhimili kwa macho yenu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Taja mafungu manne ya kazi hii.
2. Mhimili una kazi gani?
3. Gari likikaa gereji siku 5, dereva wetu amekosa shilingi ngapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.