Vinanda viwili, milioni moja mfukoni

UKIINGIA katika duka la vyombo vya muziki ukiwa na fedha za kuhesabu, jambo la kwanza utakalosomewa ni namba. Kinanda hiki kina sauti mia nne. Kile kina midundo zaidi ya mia. Hiki kina nyimbo za mazoezi, kile hakina nyingi. Namba hizo huandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi, na mnunuzi asiyepiga kinanda hana kipimo kingine. Hulipia chenye namba kubwa.

Mwaka 2022 kwaya yetu ya Makindye, hapa Kampala, ilinituma kununua kinanda. Wengi wetu asili yetu ni mashariki mwa Kongo, na tunaimba kwa Kiswahili. Tulikuwa na shilingi milioni moja, iliyokusanywa kwa miezi 11: michango ya Jumapili, malipo ya kuimba katika arusi tatu, na sambusa ambazo kina mama waliuza nje ya kanisa baada ya ibada. Katika kinanda cha zamani vibonyezo 7 vilikuwa vimenyamaza kabisa. Mpigaji wetu, binti wa miaka 14, alikuwa amejifunza kuviruka kama dereva wa bodaboda anavyokwepa mashimo.

Nilichaguliwa kwa kuwa niliwahi kufundisha muziki shuleni. Binti alikuja kujaribu. Mama mweka hazina alikuja kwa sababu fedha zilikuwa katika mkoba wake na hakukusudia ziende mjini bila yeye. Vijana wa magitaa walibaki nyumbani, lakini walitupa agizo: tusirudi na kinanda chenye midundo michache.

Baada ya kuzunguka asubuhi nzima, vipya vilivyotoshea ndani ya fedha zetu vilibaki viwili. Cha kwanza ni Yamaha PSR-E273, kilichotoka mwaka 2020. Cha pili ni Casio CT-S300, cha mwaka 2019. Vyote vina vibonyezo 61, yaani oktava 5, wakati piano kamili ina vibonyezo 88. Vyote hutumia umeme au betri 6 ndogo, zile za ukubwa wa AA. Yamaha tuliambiwa shilingi 790,000, na Casio 840,000.

"Mama, hiki kina sauti 401, kile 400," muuzaji akaanza, mkono wake ukiwa juu ya Yamaha. "Midundo hiki 143, kile 77. Na bei iko chini. Utafute nini tena?"

Alichosema ni kweli tupu. Namba zote zilikuwa sahihi.

"Elfu hamsini ni sambusa ngapi, Mwalimu?" mama mweka hazina akaniuliza.

Tulikuwa tukiziuza shilingi 500. "Mia moja, Mama," nikamjibu, "na hapo hatujatoa unga wala mafuta."

Nikamwomba muuzaji aviwashe vyote viwili na kuviweka kwenye sauti ya piano. Nikamwambia binti apige ubeti mmoja wa wimbo wa Komunyo, ule ambao kwaya huanza kwa kunong'ona na kumaliza kwa sauti ya juu. Kwenye Yamaha, mnong'ono na kelele vilitoka sawasawa. Akibonyeza kwa upole, sauti ni ile ile; akibonyeza kwa nguvu, ni ile ile. Kwenye Casio wimbo ulianza chini, ukapanda. Mama mweka hazina, ambaye hajawahi kugusa kinanda maishani mwake, aligeuka kutazama.

Tofauti hiyo haikuandikwa kwa namba, ndiyo maana hupita bila kuonekana. CT-S300 huhisi uzito wa kidole, PSR-E273 haihisi. Katika vinanda vinavyohisi, chini ya kila kibonyezo huwa kuna swichi mbili. Kidole kikishuka, moja hugusa kwanza na nyingine hufuata, na mashine hupima muda uliopita kati yao. Muda ukiwa mfupi, kidole kimeshuka kwa kasi, basi sauti hutoka kwa nguvu. Ukiwa mrefu, sauti huwa laini. Katika vinanda visivyohisi, kibonyezo ni kama swichi ya taa: imewaka au imezimwa.

Wala jambo hili si pambo. Piano yenyewe ilipata jina lake hapo. Kabla yake, vinanda vya Ulaya vya aina ya harpsikodi vilikuwa vikikwanyua nyaya, na mpigaji hakuweza kubadili ukubwa wa sauti kwa kidole chake. Kwenye mwaka 1700 fundi Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, aliweka nyundo ndogo zinazopiga waya kwa kadiri kidole kinavyosukuma. Chombo kikaitwa kwa maneno ya Kitaliano piano na forte, yaani laini na nguvu. Mtoto anayejifunza piano kwenye kinanda kisichohisi anajifunza chombo kilichotolewa kile kilichokipa jina. Siku atakapoketi kwenye piano ya kweli vidole vyake vitakuwa vizito kama mchi.

Nisiionee Yamaha. Kama kanisa lako linapenda sauti ya ogani tu, hupotezi kitu, kwani hata ogani ya mabomba haisikii uzito wa kidole. Na kwa mtoto mdogo ambaye hujui kama hamu yake itapita Krismasi, kinanda hicho kinatosha kabisa. Yamaha hao hao walitoa mwaka 2020 PSR-E373, chenye sauti 622 na vibonyezo vinavyohisi. Kile ningekichukua mara moja. Lakini bei yake ilitupita, na ukishapangiwa bajeti na kina mama wa sambusa hurudi kuomba nyongeza.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo muuzaji hakuligusa, nalo ni noti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Yamaha ile hutoa 32, Casio 48. Mtu atauliza: mwenye vidole kumi anatafuta nini kwenye 32? Jibu liko mguuni. Ukikanyaga pedali, noti ulizokwisha kuachia huendelea kulia, na unapoongeza nyingine hesabu hupanda. Kuna sauti ambazo kila noti hula nafasi mbili. Ukiongeza mdundo wenye ngoma, besi na gitaa, nao huchota humo humo. Nafasi zikijaa, mashine hukata noti za zamani ili kupisha mpya, na msikilizaji husikia wimbo umekatika bila kujua kwa nini.

Tatu, Casio ina gurudumu dogo kushoto la kupindisha sauti. Kwa nyimbo za Zaburi halina kazi. Lakini sisi ni watu wa Kongo, na baada ya sadaka lazima sebene lipigwe. Mpigaji akitaka kuiga gitaa la solo, sauti inatakiwa ivutwe na kuteleza kama waya unavyovutwa na kidole. PSR-E273 haina gurudumu hilo. Niliwapigia simu vijana wa magitaa nikiwa dukani nikawaeleza. Walinyamaza kidogo, kisha wakauliza tena kuhusu midundo.

Kuhusu midundo niliwajibu, na nitalirudia hapa kwa kuwa makwaya mengi hugombana juu yake. Sisi tunaye mpiga ngoma. Anakuja kila Jumamosi, halipwi, na hapotezi mapigo. Midundo 143 ya nini? Anayehitaji midundo ni yule anayepiga peke yake hotelini au kwenye arusi, na huyo naye, akiisha kusikiliza midundo yote, utamkuta anatumia mitano.

Casio ina udhaifu wake. Tundu la kutolea sauti ni lile jembamba la milimita 3.5, kama la simu. Yamaha ina tundu nene la milimita 6.3, ambalo huvumilia mivuto ya kanisani. Tundu jembamba likivutwa kila wiki hulegea, kwa hiyo waya wetu tunaufunga kwenye mguu wa stendi ili mtu akijikwaa avute stendi, asivute tundu. Spika za vinanda vyote viwili ni ndogo; zinatosha sebuleni, si kwa kanisa lililojaa. Hesabu ya waya wa kwenda kwenye miksa iwemo katika bajeti tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, Casio ina tundu la USB la kuunganisha na simu au kompyuta, na PSR-E273 haina. Binti alilifurahia hilo kuliko yote.

Tulichukua Casio. Stendi ilikula 75,000, pedali 40,000, waya 20,000. Jumla 975,000. Kilichobaki kilikwenda kwenye betri na kitambaa cha kufunikia. Siku ya mazoezi vijana wawili walinuna, mmoja bado anazungumzia midundo hadi leo.

Utakapokwenda dukani wewe, usikubali kuonyeshwa kinanda kikiwa ndani ya boksi. Kiwashwe. Chagua sauti ya piano, bonyeza kibonyezo kimoja kwa upole kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, uliza kama uwezo huo umezimwa, kwani katika vinanda vingi huweza kuzimwa. Wakishindwa kuuwasha, haupo. Kisha pita kibonyezo baada ya kibonyezo, vyote 61, bila haya, hata kama kuna foleni nyuma yako. Kwa kwaya jaribu pia kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kila mwenye kwaya anamjua mwimbaji anayeanzisha wimbo popote roho inapompeleka, na mpigaji anatakiwa amfuate kwa vitufe viwili.

Wenye nusu ya fedha zetu watakwenda kwenye vinanda vilivyotumika, vinavyoletwa kutoka ng'ambo. Humo kuna vitu vizuri, hata vinavyohisi kidole, kwa bei ambayo kinanda kipya hakifikii. Lakini vingi huuzwa bila adapta, na muuzaji hukuokotea yoyote inayoingia tunduni. Hapo ndipo vinanda hufia. Casio nyingi za zamani zilitumia adapta ya volti 9 ambayo katikati ya plagi ni hasi. Yamaha za aina ya PSR zimezoea ya volti 12, na katikati ni chanya. Plagi zinaweza kufanana kwa macho, ila ukizibadilisha unaweza kuunguza kinanda ndani ya sekunde moja. Chini au nyuma ya kila kinanda, karibu na tundu la umeme, kuna mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa, pamoja na volti zake. Adapta nayo ina mchoro kama huo. Visipolingana, usichomeke. Kama huna uhakika, nenda dukani na betri zako, jaribu kinanda kwa betri, na adapta ukaitafute kwa fundi wa redio siku nyingine.