Je, Wajua? Siku Moja Lisbon, kwa Miguu na kwa Mdomo

Je, wajua kwamba keki mashuhuri kuliko zote nchini Ureno ilitokana na kufua nguo? Katika nyumba za watawa za zamani, ute wa mayai ulitumika kukazia mavazi, kama wanga unavyotiwa kwenye kanzu. Ute ukishatumika, viini vinabaki, na viini havilali. Watawa wakavichanganya na sukari, wakapika kastadi, wakaioka ndani ya vikombe vya unga mwembamba wa tabaka tabaka. Mwaka 1834 serikali ilizifunga nyumba za watawa nchini kote. Kwenye kitongoji cha Belém, kando ya mto Tejo, keki hizo zikaanza kuuzwa katika duka lililokuwa jirani na kiwanda cha kusafishia sukari, na mwaka 1837 kikafunguliwa rasmi kiwanda cha kuzioka. Kipo mpaka leo. Mapishi yenyewe ni siri ya watu wachache wanaofanya kazi katika chumba kilichofungwa, na ni duka hilo peke yake linaloziita pastéis de Belém. Kwingine kote mjini utauziwa pastéis de nata, ambazo nazo si haba. Zile zikiwa za moto, zinyunyizie mdalasini, na usiogope foleni: ile ndefu ya nje ni ya wanaobeba. Ndani kuna vyumba na meza nyingi.

Anza siku hapo asubuhi na mapema, ila isiwe Jumatatu. Makumbusho mengi ya serikali hufungwa siku hiyo, na wageni wengi huligundua hilo mlangoni.

Hatua chache kutoka dukani liko jengo la watawa la Jerónimos, lililoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 na kuchukua karibu miaka 100. Fedha zake zilitoka wapi? Mfalme Manuel I alitenga takriban asilimia 5 ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kwa maneno mengine, nguzo zile zilizochongwa kamba za meli na majani ya baharini zilisimamishwa kwa pilipili manga na dhahabu. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, aliyefia Cochin, India, mkesha wa Krismasi mwaka 1524. Upande wa pili kuna kaburi la mshairi Luís de Camões. Utenzi wake mkuu, uliochapishwa mwaka 1572, unamwonyesha mfalme wa Malindi akimpokea da Gama kwa ukarimu na kuketi kusikiliza historia ya Ureno. Mombasa haikupewa sifa hizo. Camões mwenyewe aliwahi kukwama katika Kisiwa cha Msumbiji bila hela ya nauli ya kurudi kwao.

Mnara wa Belém uko mwendo mfupi kutoka hapo. Wageni hupiga picha za mnara wote na kuondoka, kumbe jambo la kutafuta ni dogo: chini ya kibanda kimoja cha walinzi, upande wa magharibi, kimechongwa kichwa cha kifaru. Mei 20, 1515, meli kutoka India ilimteremsha Lisbon kifaru mzima, zawadi iliyotoka kwa sultani wa Gujarat. Wazungu hawakuwa wamemwona mnyama huyo akiwa hai tangu enzi za Warumi. Mfalme akataka kujua kama ni kweli kifaru na tembo ni mahasimu, akawapambanisha hadharani. Tembo alimtazama mwenzake, akatimua mbio. Baadaye kifaru alitumwa kwa Papa kama zawadi, meli ikazama pwani ya Italia, naye akafa maji. Mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer, ambaye hakuwahi kumtia machoni, alimchora kwa kutegemea barua na mchoro wa mtu mwingine, akamvika magamba ya chuma na kumwongezea kipembe mgongoni. Picha hiyo iliaminiwa Ulaya kwa zaidi ya karne mbili.

Sasa panda tramu kurudi mjini, lakini shuka njiani. Hapa ndipo msomaji wa pwani yetu ana jambo lake.

Mtaa wa Janelas Verdes una Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, na ndani yake kuna chombo cha dhahabu chenye kimo cha sentimita 73, kilichotengenezwa kwa ajili ya kuonyesha Ekaristi kanisani. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na sura yake, wamepakwa rangi za kioo zinazong'aa. Kinaitwa Custódia de Belém. Sonara wake alikuwa Gil Vicente, na kazi ilikamilika mwaka 1506.

Je, wajua dhahabu hiyo ni ya wapi? Ni ya Kilwa.

Mwaka 1502 da Gama, akiwa katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamtaka Amir Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi, la sivyo mji ungevunjwa. Amir alitoa mithkali 1,500 za dhahabu, uzito wa kilo 6 na kitu. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za bara, eneo la Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara hiyo. Da Gama alirudi Lisbon mwaka 1503, na mfalme akaamuru dhahabu hiyo ifanywe chombo cha ibada. Je, kodi ile iliinusuru Kilwa? Haikuinusuru. Julai 1505 kikosi cha Ureno chini ya Francisco de Almeida kiliuteka mji na kuupora, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa. Yaani wakati sonara akiwachonga mitume wake, waliotoa dhahabu walikuwa tayari wamevamiwa. Mtu anaweza kukisifu chombo kile kwa ufundi wake, na kinastahili sifa, lakini aliyewahi kusimama kwenye magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani atakitazama kwa jicho jingine.

Njaa ikishauma, kumbuka desturi moja ya mikahawa ya huko. Ukiketi tu, mhudumu analeta mkate, zeituni, pengine na jibini, kabla hujaagiza chochote. Kwa adabu zetu mtu angedhani ni takrima. Si takrima. Ukivila, vinaingia kwenye hesabu. Usipovitaka, virudishe bila kuvigusa, hakuna atakayenuna.

Mlo wa taifa ni bacalhau, ambayo ni ng'onda wa Wareno: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Ajabu yake ni kwamba samaki huyo haishi katika bahari ya Ureno kabisa. Ni wa maji baridi ya kaskazini, na kwa karne nyingi Wareno wamemfuata hadi pwani za Kanada au kumnunua Norway. Huloweshwa siku nzima au zaidi, maji yakibadilishwa, kabla hajafika jikoni. Asiyempenda atafute kuku wa kuchoma wa pilipili. Mmea wa pilipili kali ulitoka Amerika, Wareno wakaufikisha Afrika, wapishi wa Msumbiji na Angola wakafanya maarifa yao, na mapishi yakarudi Lisbon. Na katika kabati la kioo la karibu kila mkahawa, pembeni ya keki, utaona sambusa. Huandikwa chamuça, na zilifika kutoka Goa na Msumbiji. Waislamu wengi wa Lisbon wana asili ya huko huko Msumbiji. Walihamia baada ya uhuru wa mwaka 1975, na msikiti mkuu wa jiji ulifunguliwa mwaka 1985.

Mchana uishie katikati ya jiji, mtaa wa Baixa. Utaona barabara zimenyooka kana kwamba zilipigwa rula, na kweli zilipigwa. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka. Kisha moto, kisha tsunami. Kanisa la Carmo limeachwa bila paa tangu siku hiyo, na sasa unaweza kusimama ndani yake ukaona mbingu. Aliyeujenga mji upya, waziri ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, aliagiza kuta ziwe na kiunzi cha mbao ndani yake ili nyumba ziyumbe bila kuporomoka. Kupima, mafundi walijenga mifano na kuwaamuru askari waizunguke wakikanyaga ardhi kwa vishindo. Tena aliwatumia mapadre wa kila parokia maswali: tetemeko lilidumu kwa muda gani, lilirudi mara ngapi, bahari ilipanda au ilishuka kwanza? Majibu yao wanasayansi wanayasoma hadi leo. Mfalme José I yeye hakuhitaji hoja zaidi. Hakulala tena chini ya paa la mawe. Aliishi katika kasri la mbao hadi alipofariki mwaka 1777.

Pita pia duka la vitabu la Bertrand, lililoanza mwaka 1732 na linalotajwa kuwa kongwe kuliko yote yanayoendelea kuuza vitabu duniani. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana vijiwe vyeupe vya njia za miguu vimesuguliwa na karne ya nyayo na huteleza hata bila mvua.

Jioni, tazama upande wa mashariki: daraja la Vasco da Gama, zaidi ya kilomita 17 ukijumlisha sehemu za kuingilia, lililosanifiwa kuhimili tetemeko kubwa mara kadhaa kuliko la 1755. Lilifunguliwa Machi 1998, lakini kabla gari halijapita, lilitandikwa meza ndefu na watu wapatao 15,000 wakakaa juu ya maji kula feijoada, maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe. Aliyedhamini karamu hiyo alikuwa muuzaji wa sabuni ya kuoshea vyombo.