CHORA UA LA ALIZETI UIJUE INKSCAPE: SOMO FUPI KUTOKA MPUI

Niko Mpui, hapa kwenye barabara kuu ya Sumbawanga–Tunduma, juu ya uwanda wa Ufipa ambako baridi ya asubuhi haina utani. Leo naweka siasa pembeni. Nataka tuongee kuhusu nembo, maana naona vikundi vingi vinalipia kitu kilekile mara mbili, mara tatu, bila kujua sababu.

Kisa chenyewe mnakijua. Kikundi kinakamua alizeti, kinataka lebo ya kubandika kwenye madumu. Wanaenda mjini kwa jamaa mwenye kompyuta, anachora ua, anaandika jina, anaprinti, analipwa chake. Kikundi kinarudi na karatasi za stika pamoja na picha moja kwenye simu ya katibu. Mwaka unaofuata wanataka bango la barabarani. Jamaa akitafutwa, kahama, au kompyuta imekufa, au faili limefutika. Basi ile picha ya simu inapelekwa kwa mchapaji, bango linatoka na ukungu, ua limekuwa ngazi ngazi. Inabidi kuchorewa upya na kulipa upya, na nembo mpya haifanani na ya zamani. Mteja aliyezoea ile ya kwanza anadhani haya ni mafuta ya watu wengine!

KWA NINI UKUNGU?

Picha ya simu ni vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae sakafuni. Vidoti hivyo ndivyo wanaita pikseli. Tuseme picha ina pikseli 600 kwa upana. Ukiiweka kwenye lebo ya sentimita 5, kila milimita inapata pikseli 12, jicho halizioni kabisa. Picha hiyohiyo ukiivuta ifikie bango la mita 3, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 5, karibu sawa na punje ya mtama. Hapo hata mpita njia anazihesabu.

Mchoro wa vekta haubebi vidoti. Unabeba maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza njano. Ukitaka mkubwa, kompyuta inapiga hesabu upya na ukingo unabaki umenyooka, iwe kwenye kizibo cha chupa au kwenye ukuta wa ghala. Hesabu ya hiyo mistari ya kupinda ilipata umaarufu kupitia Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault kule Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Ndiyo maana hadi leo mistari hiyo inaitwa kwa jina lake.

PROGRAMU GANI?

Illustrator ya Adobe ilitoka mwaka 1987, CorelDRAW ikafuata mwaka 1989, na hii ya pili mtaikuta sana kwenye steshenari zetu. Zote mbili ni za kulipia. Mimi nawashauri muanze na Inkscape, ambayo ni ya bure kihalali, siyo ya kuibiwa. Ilianza mwaka 2003 ikitokana na programu nyingine iliyoitwa Sodipodi, na toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2020. Unaishusha mara moja tu kutoka inkscape.org, baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti. Bando lenu liko salama.

Sasa ukiifungua mara ya kwanza utaona vitufe vingi mpaka kichwa kiume. Usiogope. Kwa kuanzia unahitaji zana sita tu, na kila moja ina herufi yake kwenye kibodi: S ni mshale wa kuchagua, R ni mstatili, E ni duara, N ni nodi, B ni kalamu, T ni maandishi. Tuzijaribu kwa kuchora ua la alizeti.

1. KITOVU CHA UA

Bonyeza E, shikilia Ctrl, kisha vuta mausi. Ctrl inasaidia duara lisiwe yai. Chini ya dirisha kuna safu ya rangi, bofya kahawia. Ukibofya rangi kawaida unajaza ndani, ukibofya huku umeshika Shift unapaka mstari wa ukingo. Kila umbo lina hivyo vitu viwili, ndani na ukingo, na kila kimoja kina rangi yake. Ukitaka kuvirekebisha kwa undani bonyeza Ctrl, Shift na F kwa pamoja.

2. PETALI MOJA

Pembeni ya duara chora yai jembamba lililosimama, kwa E ileile, lijaze njano. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na C. Kwa macho hakuna kilichobadilika, ila yai limeacha kuwa "duara" na limekuwa njia, yaani mstari unaoweza kuukunja utakavyo. Bonyeza N, utaona nodi nne kuzunguka yai. Bofya ile ya juu. Zitatokea fimbo mbili zenye vidoti mwishoni, hivyo ni vishikio, na ndivyo vinavyouambia mstari upinde kiasi gani. Bonyeza Shift na C ili kila kishikio kijitegemee, kisha visogeze vyote viwili karibu na nodi. Ncha inachongoka, petali imepatikana.

Wadau, hapa ndipo somo lote lilipo. Nodi na vishikio vikikaa mkononi, hakuna nembo ya kukushinda. Kaeni hapa hata siku tatu.

3. PETALI KUMI NA MBILI

Usichore nyingine kumi na moja! Bonyeza S, sogeza petali mpaka mguu wake uguse duara. Ibofye mara moja, inatoa mishale ya kukuza. Ibofye tena, inatoa mishale ya kuzungusha na alama ndogo ya msalaba katikati. Buruta huo msalaba mpaka katikati ya duara la kahawia. Huo ndio mhimili.

Sasa Ctrl na D, umepata nakala juu ya ya kwanza. Shika mshale wa pembeni uizungushe huku umeshika Ctrl. Inaruka kwa nyuzi 15 kila hatua, wewe ruka hatua mbili ziwe nyuzi 30. Rudia Ctrl na D, zungusha tena. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, kwa hiyo ukigawa kwa 30 unapata petali 12, bila kukadiria kwa macho. Mwisho bofya duara na ubonyeze Home lije juu ya petali.

4. SHINA NA JANI

Bonyeza B upate kalamu. Ukibofya na kuachia, unapata mstari ulionyooka. Ukibofya na kuvuta kabla ya kuachia, mstari unapinda. Kwa jani, bofya chini, bofya na vute pembeni, bofya kwenye ncha, rudi upande wa pili, kisha bofya ile nodi ya kwanza kufunga umbo. Likitoka baya acha, utalinyoosha kwa N. Mafundi wazuri huweka nodi chache. Jani lenye nodi 4 linapendeza kuliko lenye 40.

5. KUJUMLISHA NA KUTOA

Chagua petali zote kwa kushika Shift huku unabofya, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha. Zinaungana kuwa umbo moja. Ctrl na alama ya kutoa inafanya kinyume, umbo la juu linakata tundu kwenye la chini, kama kisu cha maandazi. Hii ni muhimu mkitaka fulana, kwa sababu kwenye uchapaji wa skrini kila rangi inahitaji skrini yake. Nembo ya rangi mbili zenye mipaka safi ni nafuu kuliko ya rangi sita.

6. JINA LA KIKUNDI

Bonyeza T, andika. Sasa sikilizeni vizuri: kama kompyuta ya mchapaji haina aina ya herufi uliyotumia, itaweka nyingine na jina litabadilika sura. Dawa yake ni kugeuza maandishi kuwa njia kwa Ctrl, Shift na C. Ila ukishageuza huwezi tena kusahihisha herufi kwa kuandika, kwa hiyo hifadhi kwanza nakala ambayo haijageuzwa.

FAILI NDIYO MALI

Hifadhi kazi kama SVG. Huo ni muundo wa wazi uliopitishwa mwaka 2001 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya tovuti duniani. Ukiufungua kwa Notepad utakuta maandishi tu, yale maelekezo niliyosema. Maana yake hauko kwenye kifungo cha kampuni moja. Mchapaji mpe PDF, ya WhatsApp toa PNG, lakini SVG ndiyo mbegu. PNG unaitoa kwenye SVG kila ukitaka, ila kurudi kutoka PNG kwenda SVG ni kuchora upya.

Hata usipochora mwenyewe, ukimlipa mtu akuchoree nembo, mwambie kabla ya kutoa hela kwamba unataka SVG au PDF ya vekta na siyo picha tu. Akikupa, mjaribu palepale: ivute mpaka ukubwa wa mwisho uangalie ukingo. Ukiona ngazi, kakuwekea picha ndani ya PDF. Kisha weka nakala kwenye flashi ya mwenyekiti na nyingine kwenye barua pepe ya kikundi. Katiba ya kikundi mnaitunza kabatini, nembo nayo itunzwe hivyohivyo.

Zoezi la nyumbani: chora tanuru la malungu, lile refu la udongo ambalo wazee wa Ufipa walikuwa wakiyeyushia chuma. Pana chini, jembamba juu, matundu ya hewa kwenye kitako. Kalamu kwa mwili, duara kwa matundu, kutoa kwa kutoboa. Dakika ishirini zinatosha.

Aliyekwama aandike hapo chini amekwama hatua ya ngapi, na mafundi wa Corel mlioko Laela, Sumbawanga na kwingineko karibuni muongezee. Naomba kuwasilisha.