Usipuuze doa jeusi unyayoni

MWANAMUZIKI Bob Marley alipenda kandanda kama alivyopenda gitaa. Mwaka wa 1977 aliumia kidole gumba cha mguu akicheza, na jeraha likakataa kupona. Madaktari walipochunguza, walikuta saratani ya ngozi iitwayo melanoma chini ya ukucha. Marley alikataa kidole kikatwe. Ugonjwa ulisambaa hadi kwenye ubongo na mapafu, na Mei 11, 1981 akafariki mjini Miami, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36.

Wengi hushangaa, kwani melanoma hujulikana kama maradhi ya Wazungu waotao jua. Ni kweli kuwa miale ya jua huharibu seli za ngozi nyeupe. Ndiyo sababu Australia, yenye jua kali na wakazi wengi wenye asili ya Ulaya, ni miongoni mwa nchi zinazoathirika zaidi duniani.

Mtu mweusi ana kinga ya maumbile. Melanini, yaani rangi ya ngozi yake, huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Melanoma humpata kwa nadra, lakini ikimpata mara nyingi hujificha pasipofikiwa na jua: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha.

Hatari ni kuchelewa. Mtu huona doa, akasema ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa, akavaa viatu akaenda kazini. Damu husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, mwishowe ikaisha. Mstari wa melanoma hubaki, hupanuka, na weusi wake huweza kuenea hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Hata hivyo, usiingiwe na hofu bure: watu weusi wengi wana mistari kuchani isiyo na madhara. La kuchunga ni mstari mpya unaobadilika, au kidonda cha unyayo kisichopona.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, jua ndilo adui mkuu. Melanini yao ni haba, na saratani za ngozi, hasa za aina nyingine, huwapata wakiwa wangali vijana. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia miale ni lazima.

Msomaji, jioni unapoosha miguu, geuza unyayo uutazame. Mkague pia nyanya au babu asiyeweza kuinama. Ukiona badiliko, nenda hospitali. Melanoma ikigunduliwa mapema hukatwa na mgonjwa akapona. Ikisambaa, matibabu huwa magumu na ghali.