Ndege inadondosha mafuta: ni kabureta au kitu kingine?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Kuna mdau mmoja anajifunza urubani, kauliza swali ambalo nimeona nilijibu kwa urefu. Amekuta mafuta yanadondoka chini ya pua ya Cessna 172, mwenye ndege kamjibu eti "hiyo kawaida, we washa twende". Kawaida? Jamani!

Mimi sio injinia, nimeishia kidato cha nne, ila injini ndio ugonjwa wangu na mafundi wa ndege nimeshawachosha kwa maswali. Nitaeleza ninavyoelewa.

Kwanza ujue ndege yako ni ipi. Cessna 172 nyingi zilizotengenezwa mpaka 1986 zina kabureta. Uzalishaji ulipoanza tena 1996 zikaja na injini ya kupuliza mafuta moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa na hizo mpya usihangaike kutafuta kabureta, haipo.

Sasa basi. Kabureta ya injini hizi imefungwa CHINI ya injini, hewa inapanda juu kutoka kwenye boksi la hewa. Ndani kuna bakuli la mafuta na boya. Bakuli likijaa boya linapanda, linasukuma sindano inaziba njia. Ni kama boya la tangi la choo, au kabureta ya pikipiki yako. Sindano isipoziba vizuri, mafuta yanafurika na kumwagikia kwenye boksi la hewa. Na kwa kuwa matangi ya 172 yako kwenye mabawa, mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Hata injini ikiwa imezimwa yataendelea tu.

Lakini usiilaumu kabureta haraka. Kuna marubani wana tabia ya kupampu mkono wa gesi mara nne tano kabla ya kuwasha. Kila ukipampu, kapampu kadogo ndani ya kabureta kanarusha mafuta juu, na injini isipozunguka yanarudi chini. Hayo yatadondoka kidogo halafu yatakauka. Mhalifu mwingine ni chujio la mafuta lililopo chini kwenye ukuta wa injini. Mpira wa valvu yake ya kutolea maji ukichoka, linadondosha karibu na palepale, na wengi wanadanganyika.

Namna ya kutofautisha: injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi afungue kava, afute kila kitu kikauke, gesi isiguswe, halafu afungue swichi ya matangi na kuangalia kwa tochi. Piper Cherokee matangi yake yako chini, kwa hiyo hapo awashe pampu ya umeme. Sigara mbali, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Avgas 100LL ina rangi ya bluu, ikikauka inaacha doa la bluu, kwa hiyo fuata doa mpaka linapoanzia. Doa likiwa kwenye maungio ya bakuli, hiyo ni gasketi au skrubu zimelegea. Yakiwa yanatoka kwenye boksi la hewa na hayakomi, hapo ni sindano, kiti chake, au boya. Boya la shaba likipasuka linaingiwa mafuta, linakuwa zito na halipandi tena. Yapo pia maboya ya plastiki yaliyowahi kuleta shida kwa kunywa mafuta.

Mafuriko yakiwepo injini nayo itasema: moshi mweusi, plagi zenye masizi, mngurumo wa kukwama kwama ikiwa sailensa.

Kwenye bodaboda fundi anagonga kabureta kwa mpini wa bisibisi, sindano inakaa, safari inaendelea. Kwenye ndege hapana! Uchafu ulioizuia sindano bado umo ndani, na pikipiki ikizima utaisukuma, ndege utaisukumia wapi? Kabureta ifunguliwe na injinia mwenye leseni, tena aandike kwenye kitabu cha ndege.

Hatari kubwa ni wakati wa kuwasha. Injini ikirudisha cheche nyuma na boksi limelowa, moto unawaka hapohapo chini ya miguu yako. Ikitokea, usiachie stata. Endelea kuzungusha ili injini iuvute moto ndani. Ikiwaka, iache iungurume dakika chache kisha uzime na kukagua. Ikigoma, vuta mkono mwekundu wa mafuta mpaka mwisho, sukuma gesi yote, endelea kuzungusha, funga mafuta, zima umeme, toka na mtungi mkononi.

Kwa hiyo mdau wangu, mwambie mwenye ndege hiyo afungue kava kwanza. Akikataa, saa yako ya kuruka usiilipie.